Msitu wa Ituri: Somo la Mazingira na Watu

Mgeni atokaye Bunia, kaskazini-mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akishika njia ya Komanda na Mambasa, huacha nyuma yake nchi ya nyasi na kuingia chini ya miti mirefu. Jua hufifia, hewa huwa nzito kwa unyevu, na jicho lililozoea kuona mbali hukomea hatua chache tu. Huo ndio Msitu wa Ituri, sehemu ya msitu mkubwa wa bonde la mto Kongo.

Wageni wengi wa zamani waliondoka huko na fikra mbili. Ya kwanza ni kwamba msitu huo ni ghala la chakula lisilokwisha. Ya pili ni kwamba wakazi wake ni masalio ya watu wa kale waliojitenga na dunia. Fikra zote mbili ni potofu, na ile ya kwanza ndiyo iliyoizaa ya pili.

Majani mengi, chakula haba

Katika eneo la Epulu mvua hufikia karibu milimita 1,700 kwa mwaka, na kiangazi ni kifupi, kati ya Desemba na Februari. Mimea huota mwaka mzima. Hata hivyo, wingi wa mimea si wingi wa chakula cha binadamu. Sehemu kubwa ya nguvu ya jua inaswayo na majani huwekwa katika magogo, ambayo tumbo la mtu haliwezi kuyasaga. Matunda mengi nayo yako juu mno.

Udongo pia hudanganya. Jani likianguka, kuvu na bakteria huliozesha upesi katika joto na unyevu, na mizizi hunyonya virutubisho kabla havijachukuliwa na maji ya mvua. Basi akiba kubwa ya rutuba imo ndani ya mimea yenyewe na katika tabaka jembamba la juu ya ardhi. Hii ndiyo sababu shamba lililofyekwa msituni hustawi kwa miaka michache, kisha hudhoofika na kuhitaji kupumzishwa.

Vyakula vya porini vyenye wanga, kama viazi vikuu vya mwituni, hupatikana, lakini vimetawanyika. Nyama na asali vyaweza kupatikana vizuri zaidi, ijapokuwa asali ina majira yake.

Watu na lugha zao

Katika mazingira hayo huishi watu wa namna nyingi. Wako wakulima: Wabila, Walese, Wabudu, Wandaka na wengineo. Wako pia wawindaji na wakusanyaji: Wambuti, Waefe na Waasua. Kwa Kiswahili hawa wa mwisho wamezoea kuitwa mbilikimo. Jina hilo hutaja kimo tu, wala silo wanalojiita wenyewe. Mwanafunzi afadhali atumie majina yao.

Wambuti huwinda kwa nyavu zilizosokotwa kwa nyuzi za mtambaazi uitwao kusa. Nyavu za familia kadhaa huungwa kuwa nusu duara, kisha wanawake na watoto huwaswaga paa wadogo kuelekea huko kwa kelele. Waefe huwinda hasa kwa upinde na mshale, na mishale ya kupigia nyani huipaka sumu. Wote hujenga vibanda vya fito vilivyoezekwa majani mapana, ambavyo huachwa bila hasara kambi ihamapo.

Lugha zao zatoa fundisho kubwa. Wambuti walio jirani na Wabila husema lugha ya Kibantu iliyo karibu sana na Kibila. Waefe husema lugha iliyo karibu na Kilese, ambayo si ya Kibantu, bali ni ya jamii ya Sudani ya Kati. Waasua nao lugha yao inahusiana na Kimangbetu. Watu waliojitenga hawasemi lugha za jirani zao. Lugha hizi ni ushahidi wa ujirani wa muda mrefu.

Mabadilishano

Sababu mojawapo ya ujirani huo ni ule upungufu wa wanga uliokwisha kuelezwa. Mwindaji huleta nyama, asali na nguvu za mikono wakati wa kulima. Mkulima hutoa ndizi, mihogo, chumvi na vyombo vya chuma. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa Waefe katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula chao ilitoka mashambani. Baadhi ya wataalamu wakauliza iwapo binadamu aliwahi kuishi katika msitu wa mvua bila kilimo. Wachimbuaji wa mambo ya kale wakaleta sehemu ya jibu: katika mapango ya Ituri walikuta zana za mawe za watu waliokaa humo zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, kabla kilimo hakijafika.

Uhusiano huu usichukuliwe kuwa wa usawa kamili. Mara nyingi mkulima amejiona bwana, na mwindaji amedharauliwa. Hata hivyo mwindaji anao ujuzi ambao mwingine hana. Okapi alitambuliwa na wanasayansi wa Ulaya mwaka 1901 tu, ilhali Wambuti walikuwa wakimjua na kumwinda tangu zamani.

Kiswahili nacho kimo katika historia hiyo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani, ikiwamo ya watu wa Tippu Tip, ilifika hadi huko. Misafara hiyo ilileta utumwa na mateso. Iliacha pia lugha, iliyokuja kuitwa Kingwana, ambayo kabila moja huitumia kuelewana na jingine.

Msitu hatarini

Mwaka 1992 sehemu ya Ituri, karibu kilomita za mraba 13,700, ilifanywa Hifadhi ya Okapi. Iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, na mwaka 1997 ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya vita. Mwaka 2012 kituo cha Epulu kilishambuliwa. Watu waliuawa, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa wakauawa pia. Uchimbaji wa dhahabu, ujangili na ukataji miti vimeongeza madhara.

Ikiwa msitu ungekuwa ghala lisilo na watu, kuulinda kungekuwa kuweka uzio tu. Lakini paa wakiisha, mwindaji hana cha kubadilisha na mkulima, naye hubaki kibarua asiye na kitu. Akiondoka, ujuzi wake wa wanyama na mimea hupotea pamoja naye. Hivyo swali la msitu na swali la haki ya wakazi wake haliwezi kujibiwa mbalimbali.

Maswali ya darasani

1. Kwa nini msitu wenye mimea mingi waweza kuwa na chakula haba kwa binadamu?
2. Lugha ya Waefe yatufundisha nini juu ya historia yao?
3. Chunguzeni eneo lenu: ni jamii zipi zinazobadilishana mazao, na kila moja inategemea nini katika mazingira?