Kabla ya Kutweka Tanga Wakati wa Joto

Somo letu la leo ni la watu wa pwani na visiwa. Ni la mvuvi, la mama anayevuka kwa mashua kwenda sokoni, na la kijana anayejifunza ubaharia. Tutajifunza habari za upepo na bahari katika miezi ya joto.

Labda utauliza: upepo unahusu nini ukurasa wa afya? Unahusu sana. Maji huua kama ugonjwa unavyoua. Tena humwua mtu mwenye nguvu, aliyetoka nyumbani asubuhi akiwa mzima kabisa. Kifo hicho mara nyingi kinaweza kuzuiwa.

Pepo zetu

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki. Huo ndio upepo uliokuwa ukileta majahazi ya Waarabu pwani yetu tangu zamani. Katika miezi hiyo jua ni kali na maji ya bahari yana joto. Watu wengi huiogopa bahari ya kusi tu, hasa Juni hadi Agosti. Lakini kaskazi nayo huweza kuvuma kwa nguvu, hasa Januari na Februari.

Kati ya Machi na Aprili upepo hubadilika. Hapo ndipo watu husema ni wakati wa tanga mbili. Upepo hugeuka ghafla, na mvua kubwa huweza kukukuta katikati ya bahari. Kusi nayo huanza kuingia.

Kimbunga ni nini?

Joto la bahari ndilo chakula cha kimbunga. Maji yakiwa na joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi, mvuke mwingi hupanda juu. Mawingu makubwa hujikusanya. Upepo huanza kuyazunguka, na mzunguko ukikaza huwa kimbunga. Katika upande wa kusini wa Bahari ya Hindi, vimbunga vingi hutokea kati ya Novemba na Aprili. Vingi huelekea Madagaska, Morisi na Msumbiji.

Pwani ya Tanzania haipigwi mara nyingi, kwa sababu tuko karibu na Ikweta. Huku upepo haupati nguvu ya kutosha ya kujizungusha. Lakini mara chache si kusema kamwe. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Komoro, kisha kaskazini mwa Msumbiji, si mbali na mpaka wetu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia. Mvua yake ilikata barabara ya Lindi maeneo ya Somanga.

Kumbuka pia kwamba kimbunga kilicho mbali huweza kukuletea mawimbi. Ukiona mawimbi marefu mazito yanafika pwani, na pale ulipo hakuna upepo, jiulize: yametoka wapi?

Sikiliza tangazo

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku. Husomwa redioni na hutumwa kwenye simu. Mara nyingi tahadhari yake husema hivi: upepo wa kilomita 40 kwa saa, na mawimbi ya mita 2. Maana yake ni nini? Mita 2 ni zaidi ya urefu wa mtu aliyesimama. Basi ukikaa ndani ya ngalawa, ukuta wa maji utakuwa juu ya kichwa chako. Ngalawa haikutengenezwa kwa bahari ya namna hiyo.

Vilevile tumia macho yako. Wingu jeusi likiinuka, na upepo wa baridi ukaja ghafla, dhoruba i karibu. Teremsha tanga mapema, urudi.

Tunajua shida iliyopo. Watoto hawali tangazo la redio. Mvuvi akikaa siku tatu pwani, jikoni hakuna kitu. Ndiyo maana inafaa kujiandaa siku za neema. Kausha ng'onda uweke akiba. Wekeni fedha kidogo katika kikundi chenu, ili mwenzenu asilazimike kuingia baharini siku mbaya kwa ajili ya kilo moja ya unga. Wazee walisema: kawia ufike.

Vitu vya kubeba

Kabla ya kutweka tanga, hakikisha una vitu hivi:

1. Jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu. Livae. Likiwa chini ya mbao halikusaidii. Kama bado hamna, chukueni madumu matupu yaliyofungwa vizuri. Dumu la lita 20 humwezesha mtu kuelea.
2. Maji ya kunywa, angalau lita 4 kwa kila mtu kwa siku ya jua kali.
3. Kofia pana na shati la mikono mirefu.
4. Chombo cha kufulia maji, kamba, na makasia.
5. Simu ndani ya mfuko usiopenya maji.

Mwambie mtu wa nyumbani unakwenda upande gani na utarudi saa ngapi. Usiporudi, watajua pa kuanzia kutafuta.

Jua na kiu

Baharini jua hukupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Upepo hukausha jasho, nawe husikii kwamba mwili unaishiwa maji. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza, na mkojo wenye rangi ya chai. Kunywa maji kidogo kidogo, mara kwa mara. Usingoje kiu.

Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka na mwili wake ni moto sana, hiyo ni hatari kubwa. Mweke kwenye kivuli, mmwagie maji ya bahari mwili mzima, mpepee, na mumpeleke hospitali upesi.

Usinywe maji ya bahari kamwe, hata kiu ikizidi. Lita 1 ina chumvi kiasi cha gramu 35, yaani karibu vijiko 6 vya chai. Ili kuitoa chumvi hiyo, mwili hutumia maji mengi kuliko uliyokunywa. Kiu huongezeka, na mtu hufa mapema zaidi.

Chombo kikipinduka

Shika chombo, usikiache. Mbao huelea, na chombo huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Nchi kavu huonekana karibu, lakini mkondo hukupeleka pengine. Wengi wamekufa wakiogelea kuifuata.

Panda juu ya chombo kadiri unavyoweza. Maji yetu ni ya vuguvugu, lakini mwili una joto la nyuzi 37, na maji ya bahari yako chini ya hapo. Ukikaa humo saa nyingi, joto lako hutoka, utatetemeka na kulegea. Usivue nguo. Kaeni mmekumbatiana.

Kumwokoa aliyezama

Usijitupe majini ovyo. Anayezama atakushika, mzame wote wawili. Mtupie kamba, dumu au kasia.

Akishatolewa, mlaze chali juu ya mahali pagumu. Tazama kama anapumua. Kama hapumui, fanya hivi:

1. Inua kidevu chake, kichwa kielekee nyuma kidogo.
2. Ziba pua yake, pulizia pumzi mdomoni mara 5. Tazama kama kifua kinainuka.
3. Weka viganja viwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu na upesi mara 30. Hesabu karibu mara 2 kila sekunde.
4. Pulizia pumzi 2, kisha kandamiza tena 30. Endelea mpaka apumue au msaada ufike. Mkiwa wawili, pokezaneni.

Usimning'inize kichwa chini. Usimkandamize tumbo ili kutoa maji. Hayo hupoteza wakati, na matapishi huweza kuingia mapafuni. Akizinduka, mpeleke kituo cha afya hata akisema amepona. Mapafu yaliyoingia maji huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Ndugu msomaji, samaki wa leo wakikupita, kesho wapo. Wanaokungoja nyumbani hawana baba mwingine, wala mama mwingine, wala mtoto mwingine kama wewe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kimbunga hupata nguvu kutoka wapi?
2. Tangazo likisema mawimbi ya mita 2, nani katika kijiji chetu hapaswi kutoka?
3. Kwa nini maji ya bahari hayafai kunywewa?
4. Tufanye nini ili siku ya bahari mbaya mvuvi apate chakula bila kuingia baharini?