KAMBA MSAFISHAJI: JINSI AZAAVYO NA JINSI WATOTO WAKE WAKUAVYO

Katika matumbawe ya pwani yumo kamba mdogo ambaye watu wa bara hawamjui. Urefu wake ni kama sentimeta 5 au 6. Mgongo wake ni mwekundu wenye mstari mweupe katikati, na ndevu zake ndefu ni nyeupe. Wataalamu humwita Lysmata amboinensis, kwa jina la kisiwa cha Ambon katika Indonesia, nao walimwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1888. Hupatikana toka Bahari ya Shamu hata visiwa vya Pasifiki.

Kazi yake ni usafi. Chewa na mkunga humwendea wenyewe wakafunua vinywa, naye huingia akala vidudu viwasumbuavyo na nyama iliyokufa. Ni nadra sana kumezwa.

Uzazi wake

Kila kamba wa namna hii huanza utu uzima akiwa dume. Akizidi kukua hupata viungo vya kike pasipo kupoteza vile vya kiume, hata akawa huntha. Hata hivyo hawezi kujizalisha mwenyewe. Ni lazima apate mwenziwe. Kwa hiyo wakubwa huishi wawili wawili.

Kila baada ya wiki mbili au tatu kamba hujivua gamba. Wakati huo, mwili ungali laini, mwenziwe humwendea kama dume akambandika mbegu chini ya kifua. Saa chache baadaye hutaga mamia ya mayai ya rangi ya kijani, akayashikiza katika vijiguu vya tumboni, naye huyapepea ili yapate maji safi. Zamu ya mwenziwe ya kujivua gamba ikifika, yule aliyekuwa mama huwa baba.

Watoto

Baada ya wiki mbili hivi mayai hupauka, na macho ya watoto huonekana ndani yake. Huanguliwa usiku. Watoto hawafanani na wazazi: ni vidogo mno, hupita nuru, na huelea wakichukuliwa na mikondo ya bahari. Hujivua gamba mara nyingi, na kila mara umbo hubadilika kidogo. Wengi huliwa na samaki. Waliolelewa katika matangi wamechukua hata zaidi ya miezi minne kabla ya kupata umbo la kamba na kushuka chini.

Faida ya kuyajua haya

Wavuvi wa pwani ya Kenya huwakamata kamba hawa, nao huuzwa ng'ambo kwa watu wawekao samaki wa mapambo katika visanduku vya kioo. Kwa kuwa kulea watoto wao ni kazi ngumu, wengi wauzwao hutoka baharini. Mvuvi achukuaye jozi nzima pamoja na mayai yake amepoteza mamia kwa bei ya wawili. Tena, watoto huchukuliwa mbali na maji, hata mwamba uliomalizwa hungoja watoto wa mwamba mwingine. Na ikiwa kila kijiji kitamaliza miamba yake, watatoka wapi?

Basi yafaa mvuvi amwache kila kamba mwenye mayai, asivunje matumbawe, wala asichukue kitu katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968. Atakayefanya hivyo atakuwa na kitu cha kuvua mwakani.