Somo la 31: Toka Kiwanja cha Ndege Mpaka Katikati ya Mji

1. Kiwanja kiko mbali

Kinshasa ni mji mkubwa kupita miji yote ya Kongo. Watu wake ni zaidi ya milioni 10. Ndege zinazotoka Lubumbashi na Kisangani hutua N'djili, katika kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1953. Toka N'djili mpaka Gombe, ndipo katikati ya mji, ni kilometa 25 hivi.

Kwa nini kiwanja kiko mbali namna hii? Ndege kubwa inataka nafasi kubwa, na hatari yake ni kubwa vilevile. Kuna kiwanja kingine, Ndolo, kilicho ndani ya mji. Tarehe 8 Januari 1996 ndege moja iliyotoka Ndolo ilishindwa kuruka, ikaingia katika soko lililokuwa karibu. Watu zaidi ya 200 walikufa. Basi, ni vema ndege kubwa zitue mbali na nyumba za watu. Lakini msafiri aliyeshuka N'djili hajafika bado. Safari ya pili inamngoja.

2. Njia

Njia kubwa ni barabara iitwayo Boulevard Lumumba. Imepewa jina la Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa mwaka 1961. Mtu akitoka kiwanjani, anaona Masina kuume na Kimbanseke kushoto. Kiisha anavuka daraja la mto N'djili, anaingia Limete. Hapo anaona mnara mrefu wa meta 210. Akiuona mnara ule, ajue kwamba sehemu kubwa ya njia imekwisha.

Asubuhi mapema na usiku, motokari hupita upesi. Lakini jioni, watu wanaporudi kutoka kazini, motokari hujaa barabarani na kusimama. Safari ya nusu saa inakuwa ya saa mbili, pengine tatu.

Tena kuna mvua. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Aprili 2025 mvua nyingi ilinyesha, mto N'djili ukafurika. Watu zaidi ya 30 walikufa. Maji yalifunika barabara ya kiwanja, na wasafiri wakakwama. Serikali ikaweka meli za kuwachukua kwa njia ya mto. Kwa hiyo, wakati wa masika, msafiri mwenye akili huuliza habari za njia kabla ya kuondoka.

3. Vyombo vya kusafiria

Cha kwanza ni taksi ya kukodi. Inabeba mtu na mizigo yake mpaka mlangoni. Bei yake ni kubwa kupita nyingine. Lazima kusikilizana na shofere kabla ya kuingia, si baada ya kufika.

Cha pili ni basi kubwa la serikali, liitwalo Transco. Kampuni hiyo ilianza kazi mwaka 2013. Nauli yake ni ndogo, lakini pengine mtu hungoja sana, na husimama njia nzima.

Cha tatu ni taksi-basi, gari dogo la rangi ya manjano na buluu. Watu hubanana ndani, na mizigo mikubwa haina nafasi. Magari ya zamani ya namna hii watu wa Kinshasa waliyaita «esprit de mort», maana yake roho ya mauti, kwa sababu ya uchakavu na ajali zake.

Cha nne ni pikipiki. Anayeiendesha huitwa «wewa», neno la Tshiluba, maana yake «wewe». Pikipiki hupenya kati ya motokari zilizosimama. Lakini haimkingi mtu kwa mvua, wala kwa ajali.

4. Wasafiri wawili

Tufikiri wasafiri wawili waliotoka Lubumbashi katika ndege moja. Mmoja ni kijana mwanafunzi, mwenye mfuko mdogo tu. Mwingine ni mama anayempeleka mtoto mgonjwa kwa hospitali kubwa ya Gombe, ile iliyoitwa zamani Mama Yemo. Feza yake ni kidogo, nayo ni ya dawa.

Wanapotoka nje, watu wengi wanawazunguka. Huyu anavuta mfuko, yule anaita. Mwenye pikipiki anamwambia mama: «Mama, panda hapa, bei ni ndogo, tutafika sasa hivi.» Mama anajibu: «Asante, mwanangu, lakini mtoto huyu ana homa.» Hampi mtu mzigo wake. Anamwendea mtumishi wa kiwanja, anamsalimu, anauliza: «Papa, mtu wa hapa analipa ngapi mpaka Gombe?» Anaambiwa. Sasa anajua bei ya haki, naye anaweza kusikilizana na shofere bila kudanganywa.

Kijana anachagua basi. Anafanya vizuri: ana nguvu, hana mzigo, na jua bado liko juu. Mama anachagua taksi. Naye anafanya vizuri. Katika basi mtoto angesongwa na watu. Kwa pikipiki angepata hatari. Feza ya taksi inamwuma mama, kwani ni dawa ya siku kadha. Lakini akimfikisha mtoto amezidiwa, dawa zile zitafaa nini? Kabla ya kuingia anaandika namba ya gari, anampigia kaka yake simu na kumsomea, na shofere anasikia. Wako wezi wanaojifanya mashofere. Mwizi hapendi kujulikana.

Basi, chombo kizuri kwa kila mtu hakuna. Kwanza mtu afikiri: Ninasafiri na nani? Nina mzigo gani? Ni saa ngapi? Njia iko namna gani? Halafu ahesabu feza yake. Anayeanza kwa feza tu huweza kulipa mara mbili.

Methali: Kuuliza si ujinga.

Maulizo

1. Kwa nini si vema ndege kubwa zitue kati ya nyumba za watu?
2. Taja vyombo vine vya kusafiria, na ubaya mmoja wa kila kimoja.
3. Kwa nini mama aliuliza bei kwa mtumishi, wala si kwa shofere?
4. Saa ya Kinshasa iko nyuma ya saa ya Lubumbashi kwa saa moja. Ndege ikitua wakati ni saa kumi jioni kwa saa ya Lubumbashi, Kinshasa ni saa ngapi?
5. Hesabu: Njia ni kilometa 25. Motokari ikienda kilometa 50 kwa saa, itafika kwa dakika ngapi? Ikienda kilometa 10 kwa saa, je?
6. Andika sentensi tano: Ungemshauri nini babu yako anayefika N'djili usiku, peke yake, wakati wa mvua?