"Pick up": Kitenzi Kimoja, Maana Nyingi

Somo la leo nililipata kwa aibu.

Muhula uliopita jumuiya ilimwalika dada mmoja muuguzi aje kuzungumza nasi. Nilitumwa nimfuate Bugolobi, mbele ya Village Mall, nikiwa na dada wawili wa kamati garini. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp: "I picked up a sister in Bugolobi." Nilikusudia kusema nimeshampokea mgeni. Wengine wakacheka. Mmoja akauliza kama walii wake ana habari. Mgeni mwenyewe alikuwemo kundini, akanyamaza njia nzima.

Kosa lilikuwa wapi? "Pick up" ikifuatwa na mtu huweza kuwa na maana hizi mbili: kumfuata mtu mahali na kumpakia, au kumtongoza usiyemjua hadi mkaondoka pamoja. Maneno ya jirani ndiyo yanayoamua. "A sister" ni dada yeyote tu. Ningeandika "I have picked up our guest from Bugolobi", utata usingekuwepo.

Maana nyingine ni hizi:

1. Kuokota: "Pick up that pen."
2. Kupokea simu: "I called, but she didn't pick up."
3. Kushika lugha bila mwalimu: "I picked up Luganda in Nakawa market."
4. Kuambukizwa: "He picked up a cold."
5. Kuchangamka: "Business is picking up." Hapa hakuna kitu kinachookotwa wala kuchukuliwa.
6. Kuendelea pale mlipoachia: "Let us pick up where we stopped."

Kumbuka kanuni: viwakilishi kama "her" na "it" hukaa katikati. Sema "pick her up", usiseme "pick up her". Pia sisi Uganda tumezoea kuidondosha "up": "Pick me from the stage", "Pick my call". Mitaani tunaelewana, lakini kwenye mtihani na barua ya kazi irudishe.

Kiswahili kina neno lake kwa kila jambo: kalamu huokotwa, simu hupokewa, mgeni hufuatwa. Kiingereza kimevirundika vyote mahali pamoja, basi mwandishi awe makini.

Nilimwomba dada yule radhi mbele ya kamati, akanisamehe. Nami nikaongeza neno kwa waliocheka: Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inatukataza dhana nyingi. Anayeandika achunge maneno yake, na anayesoma achunge dhana yake.