Mikoko ya Banana

Mto Lualaba unapita Kongolo, Kindu na Ubundu. Toka Kisangani jina lake ni Kongo. Baada ya safari ndefu unafika baharini, karibu na Banana. Pale maji matamu ya mto yanachanganyika na maji ya chumvi, na pale kuna msitu wa ajabu: miti yake inasimama ndani ya maji na matope. Miti hiyo inaitwa mikoko.

Ziwa Tanganika halijai na kupwa kila siku. Bahari inajaa mara mbili kwa siku, na mara mbili maji yanarudi nyuma. Maji yakijaa, mikoko ni kama inaelea. Yakipwa, mizizi yake yaonekana, imepinda kama miguu ya buibui mkubwa. Kwa nini mizizi inakaa juu? Ndani ya matope yale hewa ni haba sana. Basi mizizi inavuta hewa juu, kwa vitundu vidogo vya ganda lake. Mizizi hiyohiyo inazuia chumvi nyingi isiingie mtini.

Mbegu nayo haingoji kuanguka ndipo iote. Inaota ingali juu ya mti mama, ndefu kama fimbo ya kijani. Ikianguka wakati maji yamekupwa, yaweza kujichoma matopeni na kusimama palepale. Ikianguka majini, inaelea mpaka ipate pahali pengine.

Chini ya miti majani yanaanguka, kaa wanayakatakata, mabaki yanaoza. Vijidudu vya majini vinakula mabaki hayo, na samaki wadogo wanakula vijidudu. Samaki wakubwa hawapenyi vizuri katikati ya mizizi. Kwa hiyo watoto wa samaki wanajificha humo mpaka wakue. Halafu wengi wanatoka kwenda baharini, kwenye nyavu za wavuvi.

Nguva pia yuko, mnyama mkubwa mpole anayekula majani ya majini. Watu walimwinda sana kwa nyama yake. Mwaka 1992 serikali iliuweka msitu huo kuwa hifadhi.

Lakini mikoko inatoa makala mazuri yenye moto mkali, na watu wa Muanda wanahitaji kupika. Mkata miti anapata franka leo. Mizizi ikiisha, watoto wa samaki hawana maficho, na wavu wa mvuvi unarudi mwepesi. Mkata miti na mvuvi, wote wawili wana watoto wa kulisha.