Nguo Yenye Mwenyewe: Kununua Mtumba Mtandaoni kwa Mtu Binafsi

Gikomba, Nairobi, nguo hutoka kwenye robota. Aliyeivaa yuko ng'ambo na hakuna wa kumuuliza. Nguo anayouza mtu binafsi kwa WhatsApp au Facebook ina mwenyewe. Ndiyo maana wengi huipenda, na ndiyo maana yafaa ujue la kumuuliza.

Kwa nini watu hununua

- Bei. Mtoto mchanga hukua upesi, nguo zake zikabaki karibu mpya. Anayeziuza anataka nafasi kabatini, kwa hiyo hupunguza bei bila mvutano.
- Shughuli za siku moja. Gauni la harusi au suti ya mahafali huvaliwa mara moja, kisha huning'inia.
- Muda. Asiyeweza kurauka kuwahi kamera, zile nguo bora zinazochaguliwa robota likifunguliwa, hutazama picha jioni akiwa nyumbani.
- Mazingira. Nguo iliyopata mvaaji wa pili haijaenda jaani Dandora.

Kabla ya kukubali bei

Usitegemee lebo: saizi 12 ya Uingereza ni karibu sawa na 8 ya Marekani. Tandaza kitandani gauni lako linalokukaa vizuri, ulipime kwa futi ya fundi kutoka kwapa hadi kwapa, kisha mwombe muuzaji apime lake vivyo hivyo.

Omba picha za mchana za kola, kwapa, zipu na pindo. Uliza imevaliwa mara ngapi na kwa nini inauzwa. Kuuliza si ujinga.

Wakati wa kulipa

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inamhusu muuzaji aliye katika biashara. Anayeuza gauni lake moja huenda asiguswe nayo. Kwa hiyo jilinde:

- Kutaneni mchana, mahali penye watu. Kagua, ndipo ulipe.
- Akiituma nguo kwa boda boda, patana kulipa ukishaipokea.
- Soma jina linalotokea kwenye M-Pesa. Likitofautiana na la muuzaji, simama kwanza.
- Usimpe mtu yeyote PIN yako.

Zamu yako ikifika

Ifue nguo kabla ya kuivaa, uitunze. Siku utakapoiuza, mwambie mnunuzi ulichotamani kuambiwa wewe: "Kuna doa dogo pindoni, hili hapa kwenye picha."