Somo: Radiatere inayovuja, tusiongeze maji tu na kuendelea



Katika masomo mengine tunasemaka juu ya mbegu, mbolea na kukausha mahindi. Leo tunafungua kapo ya gari. Kuna atakayeuliza: watu wa kilimo na radiatere, wapi na wapi? Jibu ni fupi. Mahindi yaliyokauka vizuri kule Mutshatsha yanaharibika yakilala siku tatu njiani, ndani ya gari iliyokufa, huku mvua ya mwisho inayanyeshea. Gari ya koperative ni chombo cha kilimo kama vile jembe. Na mara nyingi inaanza kufa kwa tundu dogo ambalo kila mtu alilijua.

Shofere anasema: "Inaenda tu, tutaongeza mayi mbele." Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Radiatere inafanya kazi gani?

Motere inachoma mafuta, na moto ule unapaswa kutoka. Maji yanazunguka ndani ya motere, yanabeba joto, yanapita katika vijitiyo vyembamba vya radiatere, na upepo unayapoza. Kifuniko cha radiatere kinabana maji ili yasichemke upesi. Kwetu kifuniko hicho ni cha lazima zaidi. Kolwezi iko juu, karibu metre 1.450 kutoka usawa wa bahari, na maji ya wazi yanachemka kwenye digri 95 hivi, si 100. Kifuniko kikilegea au mpira wake ukikatika, maji yanachemka mapema, hata kama hakuna tundu popote.

Dalili za kuangalia asubuhi, motere ikiwa baridi

1. Maji au alama ya unyevu chini ya gari.
2. Ukoko mweupe au wa kijani kwenye radiatere au kwenye mwisho wa tiyo za mpira.
3. Maji yanapungua kila siku katika kile chupa cha plastiki kando ya radiatere.
4. Maji yanapungua lakini hakuna tone nje. Hii ni mbaya zaidi. Kama moshi mweupe mwingi unatoka nyuma hata motere ikiwa moto, au mafuta ya motere yanafanana na chai ya maziwa, maji yanaingia ndani ya motere. Gari isitoke. Iite mekanisie.

Tusidharau tone. Tone moja kila sekunde ni karibu mililita 180 kwa saa, yaani zaidi ya lita moja kwa saa sita. Hiyo ni gari ikiwa imesimama. Motere ikiwa moto, maji yanasukumwa kwa nguvu, na tundu lile lile linatoa mingi zaidi.

Mshale wa joto ukipanda njiani

Simama mahali salama na uzime motere. Usisubiri kufika kijiji cha mbele. Dakika chache za kuendelea na motere iliyokauka zinatosha kupinda kichwa cha motere na kuchoma joint iliyo chini yake. Hapo kazi ndogo inageuka deni la koperative nzima.

Usifungue kifuniko kikiwa moto. Maji ya ndani yamepita kiwango cha kuchemka, na yakipata nafasi yanaruka usoni. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka tiyo ya juu ishikike kwa mkono. Funika kifuniko na kitambaa kizito, zungusha kidogo, acha mvuke utoke, ndipo ufungue. Watoto na abiria wakae mbali.

Usimwage maji baridi kwa haraka ndani ya motere yenye moto, chuma kinaweza kupasuka. Ikishapoa, washa motere na uongeze maji kidogo kidogo.

Dawa ya kufika, si dawa ya kukaa

*Tiyo ya mpira imepasuka karibu na mwisho:* kata kipande kibovu, rudisha tiyo, kaza kolie. Ikipasuka katikati, ikaushe na uifunge kwa ukanda wa kauchu ya kinga, ukivuta sana kila mzunguko.

*Kijitiyo kimoja cha radiatere kimetoboka:* kikate, kunja kila upande na ubane kwa koleo. Radiatere inapoteza nguvu kidogo, lakini inashika maji.

*Ufa mdogo:* sugua, kausha kabisa, paka kole ya sehemu mbili na uiache ikauke. Juu ya uchafu au maji haishiki.

Baada ya hapo, punguza mzigo, enda polepole, simama mara kwa mara uangalie.

Wengine wanatia yai bichi au pilipili ya unga ndani ya radiatere. Kweli, pengine tundu linaziba. Lakini vile vitu haviko na macho: vinaziba pia vijitiyo vizima, na wiki ijayo gari inachemka bila kuvuja.

Kwa mekanisie: shaba au aluminiumu?

Uliza swali hili kwanza. Radiatere nyingi za zamani ni za shaba, ile tunayoijua sisi watu wa Lualaba. Shaba inashika bati, na fundi mzuri anaweza kuilehemu ikadumu. Radiatere nyingi za sasa ni aluminiumu na pande za plastiki. Bati la kawaida halishiki hapo, na plastiki iliyopasuka haidumu na kole. Mara nyingi kubadilisha ni rahisi kuliko kulipia matengenezo matatu. Kabla ya kuirudisha, fundi aizibe, aitie hewa na kuizamisha ndani ya maji, kama kauchu ya kinga. Mapovu yatasema ukweli.

Maji gani?

Usichote maji yanayotoka mgodini, na usitumie bidoni iliyobeba asidi. Asidi inakula aluminiumu. Maji ya visima vyetu vingi yanapita katika mawe ya chokaa, yanaacha ukoko ndani ya vijitiyo. Afadhali maji ya mvua yaliyochujwa, au maji safi ya betri yasiyo na asidi, pamoja na antijeli nusu kwa nusu. Antijeli haifanyi kazi ya baridi tu: inazuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Lakini ni sumu na ladha yake ni tamu. Mtoto au mbwa akiinywa anaweza kufa. Usiiweke katika chupa ya kinywaji, usiimwage shambani wala karibu na kisima.

Wakati wa kiangazi, vumbi na mbegu za majani zinaziba uso wa radiatere. Ioshe kwa maji yasiyo na nguvu kali, kutoka upande wa motere kuelekea mbele.

Kazi ya kikundi

1. Nani katika koperative yetu anaangalia maji kila asubuhi? Jina lake liandikwe ndani ya kaye ya gari.
2. Kila maji yanapoongezwa, andikeni tarehe na kiasi. Mara mbili kwa wiki moja ni tundu: litafutwe.
3. Je, shofere ana ruhusa ya kusimamisha gari yenye mzigo bila kugombezwa? Kama hana, mpeni leo. Mfuko wa mahindi unaweza kungoja saa moja. Motere iliyochomwa inangojewa msimu mzima.